Mazao ya Mlima Meru Katika Chakula cha Shule: Maelezo kwa Watumishi wa Umma na Wananchi

Wananchi wa Jiji la Arusha na wa Wilaya ya Arumeru, pamoja na watumishi wa umma wanaoshughulika na elimu, kilimo, afya na maendeleo ya jamii, wanaletewa maelezo haya kuhusu namna mazao yanayolimwa katika maeneo yetu yanavyoweza kuingia katika chakula cha mchana cha wanafunzi wa kutwa. Kwamba mtoto mwenye njaa hasomi ni jambo linalojulikana na kila mzazi na kila mwalimu, wala halihitaji kurudiwa hapa. Linalohitaji kuelezwa ni kwa nini shule iliyozungukwa na migomba, mahindi na mboga inaweza kukosa chakula ifikapo mwezi wa Februari, na hatua zipi zichukuliwe ili hali hiyo isitokee.

MSINGI WA JAMBO HILI

Kupeleka mazao ya jirani katika jiko la shule si fikra ngeni nchini. Mwaka 1967, mara baada ya Azimio la Arusha, siasa ya Elimu ya Kujitegemea ilizitaka shule ziwe na mashamba na wanafunzi washiriki katika kuyalima. Katika miaka ya 2000, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipeleka chakula katika shule za wilaya zenye ukame, zikiwemo za Mkoa wa Arusha. Msaada wa namna hiyo huwa na mwanzo na mwisho, na unapokwisha shule hubaki na jamii inayoizunguka.

Tangu Januari 2016 elimu ya msingi hutolewa bila ada, kufuatia Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015. Hata hivyo, chakula cha mchana cha mwanafunzi wa kutwa kilibaki kuwa jukumu la wazazi na jamii. Mwaka 2021 Serikali ilizindua Mwongozo wa Kitaifa wa huduma ya chakula na lishe kwa wanafunzi wa elimumsingi, ambao unaeleza wajibu wa wazazi, kamati za shule, vijiji na halmashauri katika kazi hii.

Nchi nyingine nazo zimekwisha kupita katika njia hiyo. Brazil, kwa sheria ya mwaka 2009, iliamua kwamba angalau asilimia 30 ya fedha za serikali kuu za chakula cha shule zitumike kununua mazao ya wakulima wadogo. Jirani zetu wa Kenya walianza mwaka huo huo mpango wa kuzipa fedha shule za maeneo kame ili zinunue chakula karibu nazo. Umoja wa Afrika, mwaka 2016, uliitenga tarehe 1 Machi kuwa Siku ya Afrika ya Chakula cha Shule.

MLIMA UNATOA NINI

Mlima Meru, wenye urefu wa zaidi ya mita 4,500, hauna sura moja pande zote. Miteremko ya kusini na mashariki, kuanzia Ilboru na Moshono hadi Akheri, Poli na Nkoaranga, hupata mvua nyingi zaidi. Huko kuna ndizi, maharage, parachichi, mboga na ng'ombe wa maziwa wanaolishwa zizini. Chini kidogo, kuelekea Usa River, kuna mahindi, na kule Lekitatu kuna mpunga wa umwagiliaji. Upande wa kaskazini na magharibi, yaani Oldonyosambu na maeneo ya jirani, mvua ni haba na wananchi hutegemea zaidi mifugo. Ngarenanyuki, ingawa ipo upande mkavu, hulima nyanya na mboga kwa maji ya mifereji.

Kwa sababu hiyo, shule zote haziwezi kupewa orodha moja ya vyakula. Shule ya Nkoaranga inaweza kupika ndizi na maharage. Shule ya Oldonyosambu itahitaji mahindi kutoka vijiji vingine, na pengine itafaidika zaidi na maziwa ya karibu. Shule ya katikati ya jiji, isiyo na shamba lolote, itategemea soko la Kilombero, au la Tengeru ambalo hujaa siku za Jumatano na Jumamosi. La msingi ni kwamba chakula kipo ndani ya mwendo mfupi kutoka kila shule.

TATIZO NI KALENDA

Kama chakula kipo, kwa nini jiko la shule huzimika? Sababu kubwa ni kwamba kalenda ya michango haiendani na kalenda ya mavuno.

Katika maeneo mengi ya Arumeru mahindi hupandwa mwanzoni mwa masika, mwezi wa Machi. Maharage huvunwa kuanzia Juni na Julai, na mahindi huvunwa kuanzia Julai hadi Septemba kulingana na mwinuko wa mahali. Huo ndio wakati ambapo mkulima ana mazao mengi, bei iko chini, na wachuuzi wenye malori huja hadi shambani. Lakini shule nyingi huanza kudai mchango wa chakula mwezi wa Januari, muhula unapofunguliwa. Wakati huo mzazi anatakiwa kununua sare, madaftari na viatu; ghala lake limepungua; na mahindi yale yale aliyoyauza kwa bei ndogo mwezi wa Agosti sasa yanauzwa kwa bei kubwa. Mzazi anayeshindwa Januari si lazima awe mkaidi. Mara nyingi ameombwa kitu katika mwezi ambao hana.

Hivyo basi, hatua ya kwanza inayoshauriwa ni kuhamisha mkutano wa wazazi kuhusu chakula kutoka Januari hadi mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, kabla shule hazijafungwa kwa likizo ya katikati ya mwaka. Wazazi wakubaliane kabla ya mavuno kila mmoja atatoa nini, na mazao yapokelewe shuleni kati ya Julai na Septemba. Mzazi asiyelima atoe fedha katika kipindi hicho hicho, ili kamati inunue wakati bei ikiwa nafuu.

HESABU YA MWAKA MMOJA

Kamati nyingi hushindwa kupanga kwa sababu hazijafanya hesabu. Mfano ufuatao unaweza kutumika kama kielelezo, na kila shule ibadilishe tarakimu kulingana na hali yake.

Tuseme kila mwanafunzi apate gramu 120 za mahindi na gramu 40 za maharage kwa siku, na mwaka wa masomo uwe na siku 194. Mwanafunzi mmoja atahitaji takriban kilo 23 za mahindi na kilo 8 za maharage kwa mwaka mzima. Kwa vipimo vya kawaida vya nyumbani, hayo ni karibu debe moja na nusu la mahindi na chini kidogo ya nusu debe la maharage. Mzazi akielezwa hivyo wakati wa mavuno ataona kwamba jambo hili linawezekana. Akiambiwa jumla ya fedha mwezi wa Januari ataona mzigo.

Kwa shule yenye wanafunzi 600, mahitaji ya mwaka yatakuwa takriban magunia 140 ya mahindi na magunia 47 ya maharage, kila gunia likiwa la kilo 100. Ikiwa ekari moja hutoa magunia 10, mahindi hayo ni mavuno ya ekari 14. Kiasi hicho si kikubwa kwa kata moja ya wakulima, lakini kwa kikundi kidogo cha wakulima ni soko la uhakika lisilohitaji dalali wala nauli ya lori.

Hesabu hiyo hiyo inaonyesha kikomo cha shamba la shule. Ekari moja yenye magunia 10 italisha wanafunzi 600 kwa siku zipatazo 14 tu. Shule isiwachoshe watoto kwa jembe ikitumaini kwamba shamba hilo litajaza sufuria mwaka mzima. Eneo dogo la shule litumike kwa kile ambacho eneo dogo linaweza kutoa vizuri, yaani mboga za majani na miti ya matunda, na pia liwe mahali pa kujifunzia kilimo.

MBOGA, MATUNDA NA MAZIWA

Makande na ugali kwa maharage hushibisha, lakini mtoto anayekula hayo peke yake kila siku hukosa vitamini na madini anayohitaji. Kabichi, ambayo ndiyo mboga inayozoeleka katika majiko mengi, ina vitamini A na madini ya chuma kidogo ikilinganishwa na mboga zetu za asili kama mnavu, mchicha, mgagani na majani ya kunde.

Katika jambo hili Arusha ina bahati ambayo mikoa mingi haina. Kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga kimekuwapo Madiira, karibu na Tengeru, tangu miaka ya 1990, na kutokana na kazi yake zimepatikana mbegu bora zenye majina ya hapa hapa: mchicha wa Madiira na mnavu wa Nduruma na Olevolosi. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian nacho kimetoa aina nyingi za maharage, zikiwemo Selian 14 na Selian 15 ambazo zina madini ya chuma na zinki kwa wingi. Kamati ya shule inayonunua maharage haina budi kumwuliza Afisa Ugani ni aina gani zinazolimwa karibu nayo.

Kwa wanafunzi 600, gramu 50 za mboga kwa kila mmoja ni kilo 30 kwa siku. Kiasi hicho kinaweza kugawiwa vikundi viwili au vitatu vya akina mama, kila kimoja kikiwa na siku zake. Parachichi dogo ambalo wanunuzi wa nje hulikataa kwa ukubwa wake halina upungufu wowote wa lishe. Mafuta yake husaidia mwili kupokea vitamini A iliyomo katika mboga. Nyanya, limau au chungwa likiliwa pamoja na maharage husaidia mwili kupata chuma, ambapo chai ya majani ikinywewa pamoja na chakula huzuia. Chai ya rangi, basi, isiandamane na chakula cha mchana.

Kuhusu maziwa, ushirika wa wanawake wa Nronga, katika wilaya jirani ya Hai, umepata kuuza maziwa yake kwa shule za karibu. Shule itakayoamua kutoa maziwa, hata mara moja kwa juma, ihakikishe yamechemshwa na yanafika katika vyombo safi vyenye mifuniko.

USALAMA WA CHAKULA

Chakula cha jirani si salama kwa sababu tu kimetoka kwa jirani. Mambo manne yaangaliwe kwa makini.

(a) Sumukuvu. Mwaka 2016 watu wapatao 20 walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumukuvu. Sumu hiyo hutokana na ukungu, haionekani daima kwa macho, na haiondoki kwa kupikwa. Mahindi yasianikwe juu ya udongo, yapepetwe, punje zilizooza au kubadilika rangi ziondolewe, na yasihifadhiwe kabla unyevu haujashuka hadi asilimia 13.5. Pasipo na kipimo, chukua chupa kavu ya kioo, tia kiganja cha mahindi na chumvi kavu kidogo, tikisa, kisha acha itulie. Chumvi ikigandamana na kioo, mahindi bado ni mabichi na yarudishwe juani. Magunia yapangwe juu ya chaga, mbali na ukuta. Mifuko isiyopitisha hewa huzuia dumuzi bila dawa, lakini mahindi yasiyokauka yakitiwa humo yataoza.

(b) Magadi na floridi. Maji ya sehemu nyingi kuzunguka Mlima Meru yana madini ya floridi kuzidi kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani, na dalili zake huonekana katika meno ya watoto wetu. Wengi hawafahamu kwamba magadi yanayotiwa katika maharage na makande ili yaive upesi nayo huwa na floridi, na huharibu baadhi ya vitamini. Kuchemsha maji hakuondoi floridi. Maji yakipungua sufuriani floridi huzidi kukolea. Inashauriwa maharage na mahindi yalowekwe usiku kucha, magadi yaachwe kabisa, na maji ya mvua yanayovunwa kwenye mapaa ya shule yatumike kwanza kwa kupikia na kunywa. Kuloweka kunapunguza pia muda wa kupika, jambo lenye faida kwa kuwa Serikali imezitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa.

(c) Viuatilifu. Nyanya na mboga zilizopuliziwa dawa zisivunwe kabla ya siku zilizoandikwa kwenye kibandiko cha dawa kupita. Kamati imwombe mkulima aonyeshe alipulizia dawa gani na lini. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, yenye makao yake Ngaramtoni, ipo karibu kwa ushauri.

(d) Maji ya kumwagilia. Mboga zinazomwagiliwa kwa maji machafu ya mito inayopita mjini zisipelekwe shuleni. Kila mboga ioshwe kwa maji safi yanayotiririka kabla ya kukatwa, wala si baada ya kukatwa.

UNUNUZI NA MIZANI

Mahali ambapo fedha za umma zinatumika, ununuzi ufuate Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya mwaka 2023 na ufanyike kupitia mfumo wa NeST. Sheria hiyo imetenga asilimia 30 ya ununuzi kwa ajili ya vikundi vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Vikundi vya wakulima vinavyotaka kuuza mazao shuleni vijiandikishe mapema na kumwona Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, ambaye pia ataeleza juu ya mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri.

Mahali ambapo chakula kinatokana na michango ya wazazi, kamati ya shule iweke daftari la mapokezi linaloonyesha tarehe, jina la mtoaji, aina ya zao na uzito, na lingine la matumizi ya kila siku. Madaftari hayo yasomwe mbele ya mkutano wa wazazi kila muhula. Michango hufa upesi zaidi kwa kukosa hesabu kuliko kwa umaskini wa wazazi.

Mazao yapimwe kwa mizani. Lumbesa ni marufuku. Ikipokelewa humdhulumu mkulima, na inapotumika kama kipimo cha kuuzia huwachanganya wote. Halikadhalika mkulima alipwe katika muda uliokubaliwa. Mkulima aliyekopwa na shule msimu mmoja atauza kwa mwenye lori msimu unaofuata, na shule haitakuwa na haki ya kumlaumu.

MTOTO AMBAYE MZAZI WAKE HAKUTOA

Hili ni jambo nyeti kuliko mengine yote. Katika kila shule wapo watoto wanaolelewa na bibi mzee, watoto wa wajane, na watoto ambao mzazi hakujaliwa mavuno mwaka huo. Mpango wa chakula unaowaacha watoto hao wasimame pembeni wakati wenzao wanakula ni mpango uliokosa maana yake. Mtoto hawezi kuadhibiwa, kutengwa wala kurudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango wa mtu mzima.

Njia zipo. Mkutano wa mwezi Mei unaweza kupanga tangu mwanzo kiasi cha akiba, kwa mfano mtoto mmoja katika kila kumi, na kukigawa kwa wote wenye uwezo. Katika mfano wetu wa wanafunzi 600, kila mzazi mwenye uwezo angeongeza chini ya kilo 3 za mahindi na chini ya kilo moja ya maharage kwa mwaka. Mzazi asiye na zao wala fedha anaweza kutoa kazi: kuchambua mahindi, kuteka maji, kukarabati ghala. Orodha ya watoto wanaosaidiwa ibaki kwa Mwalimu Mkuu na Mwenyekiti wa Kamati, wala isibandikwe ukutani.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Kwa muhtasari, yafuatayo yanashauriwa:

1. Kamati za shule ziitishe mkutano wa chakula kabla ya mavuno, zifanye hesabu ya mwaka kwa idadi halisi ya wanafunzi, na zitayarishe ghala kavu kabla ya gunia la kwanza kufika.

2. Watendaji wa vijiji na mitaa wawaunganishe wakulima wa jirani na shule, na wahudhurie usomaji wa madaftari.

3. Maafisa Ugani wakague ukaushaji wa mahindi na kushauri mbegu za maharage na mboga zenye lishe bora.

4. Maafisa Lishe na wahudumu wa afya wawafundishe wapishi kuloweka nafaka, kuacha magadi na kuosha mboga, na kupima afya za wapishi hao.

5. Wakulima wajiunge katika vikundi, wakubaliane na shule juu ya kiasi na siku za kupeleka, na wasipeleke shuleni zao ambalo wasingelipika nyumbani kwao.

6. Wazazi watenge debe la shule siku ile ile wanapotenga mbegu ya msimu ujao.

Mahindi yatakayoliwa shuleni mwezi wa Februari huamuliwa mwezi wa Agosti. Wananchi wanaombwa kuyajadili maelezo haya katika mikutano ya vijiji, mitaa na shule kabla msimu wa mavuno haujaanza.